Zamu ya Rehmat

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, Firoz alikuja Agincourt, kitongoji cha Toronto, Jumapili moja mchana na kompyuta kwapani, akakaa kwenye meza ya chakula ya dada yake na kujaza ritani za kodi za watu watatu: yake, ya mama yao Shirinbai, na ya dada yake Rehmat. Alikuwa mhasibu mwenye ofisi yake huko Markham, na kazi hiyo kwake ilikuwa kama kumenya chungwa. Ya Rehmat ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Hakuwa na mshahara, kwa hiyo hapakuwa na cha kuandika.

Mwaka huu Rehmat alikuwa ameketi upande wa pili wa meza akimlisha mama yao uji wa mchele. Shirinbai alikuwa na siku mbaya. Alifumba mdomo, akageuza uso, akauliza kwa Kiswahili kama duka limeshafungwa. Duka lenyewe lilikuwa Lindi, na lilikwisha kuuzwa zamani, baba yao alipofariki. Lakini kichwani mwa Shirinbai lilikuwa bado wazi, na Kiingereza alichojifunza Toronto kilikuwa kimemtoka chote. Alibaki na Kikachi, lugha ya wazee wake, na Kiswahili.

"Limefungwa, Mama," Rehmat alisema. "Leo Jumapili. Fungua mdomo."

"Yako nimemaliza," Firoz alisema bila kuinua macho. "Sifuri, kama mwaka jana."

"Na yako?"

"Yangu afadhali. Kuna lile punguzo la kodi kwa anayemtunza mzazi mgonjwa. Litanipunguzia kidogo."

Kijiko cha Rehmat kilisimama hewani. "Anayemtunza nani?"

"Mama. Mimi nachangia pango la nyumba hii, kwa hiyo nina haki ya kulidai. Ni halali kabisa, dada. Ningeweza kukuandikia wewe, lakini wewe hulipi kodi, na hilo ni punguzo la kodi. Kwako lingepotea bure."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini mvua hunyesha. Kisha akafunga kompyuta, akambusu mama yake kwenye paji la uso, akaondoka.

Rehmat alibaki na bakuli mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Mumewe alikufa mapema, na hawakujaliwa mtoto. Kwa miaka mingi alifanya kazi mapokezi katika kliniki ya meno hapo hapo Agincourt, kazi aliyoipenda, ya kujua jina la kila mgonjwa na jino gani linamsumbua. Ndipo mama yao alipoanza kupotea. Mwanzo alipoteza maneno, halafu akaanza kusahau jiko likiwaka, halafu asubuhi moja ya Januari yenye theluji dereva wa basi alimkuta barabarani amevaa kandambili, anatafuta soko la samaki. Serikali ilimleta mhudumu wa kumwogesha mara chache kwa wiki, mama mpole wa watu, lakini Shirinbai hakuelewa neno analoambiwa, akawa anajifungia chooni na kulia. Rehmat akaacha kazi. Alidhani itakuwa kwa mwaka mmoja. Huu ulikuwa wa sita.

Hakuwahi kujuta. Lakini neno lile, "lingepotea bure", lilimkaa kama mwiba wa samaki.

Jumatatu asubuhi alipiga simu serikalini. Alisubiri muziki uishe, kisha akaongea Kiingereza chake cha mapokezi, cha pole pole na kilichonyooka. Yule ofisa alikuwa kijana mwenye adabu.

"Kuna malipo ya bima ya ajira kwa wanaomwuguza mtu wa familia," alisema. "Katika mwaka huu uliopita umefanya kazi?"

"Nafanya kutwa kucha."

"Samahani, nina maana kazi ya mshahara."

"Hiyo sina."

"Na mama yako, daktari anaweza kuthibitisha kwamba maisha yake yako hatarini?"

Rehmat alimtazama mama yake. Alikuwa kwenye kochi amekunja leso, akaikunjua, akaikunja tena, akiimba taratibu.

"Anakula, analala, anaimba," Rehmat alisema. "Hafi. Ndiyo maana siwezi kurudi kazini."

Kijana akasema anasikitika sana, na sauti yake ilionyesha kwamba kweli anasikitika. Malipo hayo ni ya aliyekuwa kazini juzijuzi, na ni ya wiki chache. Rehmat akamshukuru, akapiga namba ya pensheni. Huko alielezwa kwamba pensheni hutokana na michango inayokatwa kwenye mshahara, na miaka mingi isiyo na mshahara huipunguza. Aliyekaa nyumbani kulea watoto wadogo anafikiriwa. Aliyekaa nyumbani kumtunza mzazi hayumo.

Alikata simu, akachemsha chai, akaimimina, akasahau kuinywa. Mpaka siku ile alijiona kama mtu aliyesimamisha maisha yake kwa muda, nayo yanamsubiri mahali alipoyaacha. Sasa aliona kwamba hayakumsubiri. Yalikuwa yakienda, na kila mwaka yalimpunguzia kitu.

Wiki ile ile, kwenye duka la dawa anakochukua vidonge vya mama yake, aliona tangazo ukutani. Kamati ya wabunge ilikuwa ikizunguka kusikiliza watu wanaotunza wagonjwa wao nyumbani bila malipo. Ingefika Malvern, mtaa wa jirani, kwenye ukumbi wa jamii, mwezi wa Mei. Kila msemaji angepewa dakika tatu. Rehmat alijiandikisha akiwa amesimama pale pale, mama yake amemshika mkono akinusa sabuni moja baada ya nyingine.

Lakini kabla ya wabunge kulikuwa na Firoz.

Alikuja Jumapili iliyofuata na gunia dogo la basmati na mafuta, kama kawaida yake. Rehmat alimngoja aweke mzigo jikoni.

"Firoz, nataka uniajiri."

Firoz akacheka. "Nikuajiri kazi gani?"

"Hii hii. Mshahara kila mwezi, mkataba, na mchango wa pensheni ukatwe upelekwe serikalini. Nimeuliza, inaruhusiwa. Wewe ni mhasibu, unajua zaidi yangu."

Kicheko kikamwisha. "Umlee mama yako mzazi kwa mshahara? Rehmat! Watu wa msikitini watasemaje? Binti wa Shirinbai anamtoza mama yake!"

"Wakimaliza kusema, watakuja kumbadilisha nguo?"

"Dada, usiongee hivyo. Kazi unayofanya ina thawabu kubwa. Kwa nini unataka kuichafua kwa pesa?"

"Thawabu ni yangu na Mungu, sijakuomba wewe. Wewe nakuomba pensheni."

Firoz alikuwa na miaka hamsini na mbili, lakini mbele ya dada yake uso wake ulirudi ule wa mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Na kama thawabu ni nyingi kiasi hicho," Rehmat aliendelea, "njoo tugawane. Chukua Jumatatu."

"Jumatatu nina ofisi."

"Hata mimi nilikuwa na ofisi."

Aliondoka bila kunywa chai. Usiku Sabreen, mke wake, alipiga simu kusema Firoz amekasirika, lakini amepakua chakula mara mbili, kwa hiyo si hasira za kutisha. Rehmat akacheka, ingawa tangu mchana alikuwa akiyarudia maneno yao kichwani. Hakuzoea kumdai ndugu yake kitu. Hakuzoea kumdai mtu yeyote.

Siku ya mkutano mvua ilinyesha tangu alasiri. Sabreen alikuwa ameahidi kuja kukaa na Shirinbai, lakini mwenzake kazini aliugua, naye akaombwa abaki. Alipiga simu kuomba radhi mara tatu. Rehmat alimvalisha mama yake koti, akafunga mkoba wenye nguo za akiba na nepi na biskuti, akaweka humo karatasi aliyoandika maneno yake, wakapanda basi la Malvern. Firoz alituma ujumbe mfupi: mvua ni kubwa, angepita kuwachukua saa mbili usiku. Atasubiri nje, garini.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele, wabunge wanne walikaa nyuma ya meza ndefu yenye chupa za maji, na katikati yao mwenyekiti, mama mwenye miwani ya mkufu na saa aliyoilaza mezani. Watu walikwenda kwenye kipaza sauti mmoja mmoja. Baba mmoja alisimulia juu ya mke wake mwenye ugonjwa wa misuli. Msichana mmoja alilia, dakika zake zikaishia kwenye machozi.

"Huyu mama anauza nini?" Shirinbai aliuliza kwa sauti kubwa, akimwonyesha mwenyekiti.

Mwanamke aliyekaa kiti cha pembeni aligeuka ghafla. "Anauza maneno, mama," alijibu kwa Kiswahili. "Lakini leo ni sisi tunauza."

Jina lake lilikuwa Kwamboka, Mkenya, aliishi hapo hapo Malvern. Alikuwa akifanya kazi kwenye maghala ya Malton, karibu na uwanja wa ndege, hadi mwanawe mkubwa alipoumia kichwa katika ajali ya gari. Sasa mwanawe alikuwa na miaka ishirini na nne na hawezi kuachwa peke yake. "Leo nimemwachia jirani," alisema. "Jirani mwenyewe ameanza kupiga simu." Alimpa Shirinbai peremende, na Shirinbai akaipokea kwa mikono miwili, akamwuliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za biashara, na Kwamboka akajibu salamu zote bila kuruka hata moja.

Walikuwa wamebaki wasemaji wawili kabla ya Rehmat pale mama yake alipomvuta mkono.

"Nataka chooni."

"Mama, ngoja kidogo tu."

"Nataka chooni sasa."

Rehmat aliujua uso ule. Alichukua mkoba, akamwinua mama yake, wakatoka kwa mlango wa pembeni. Hawakuwahi. Alimwingiza kwenye choo cha walemavu, akafunga mlango, akaanza kazi ambayo angeifanya hata amefumba macho: koti, viatu, soksi, suruali, maji ya uvuguvugu, taulo. Shirinbai alianza kulia kwa aibu, na Rehmat akamwambia si kitu, ni maji tu, ni mvua tu, mvua ya leo imelowesha kila mtu.

Ndipo akasikia jina lake kwenye spika. Lilitamkwa vibaya, lakini lilikuwa lake. Likaitwa mara ya pili. Kisha likaitwa jina la mtu mwingine.

Alisimama na suruali kavu mkononi. Kwa kitambo kidogo alitamani kumwacha mama yake pale na kukimbia. Hakukimbia. Alimvalisha, akamfunga vifungo vyote, akamfuta machozi, akamweka sawa mtandio. Nguo zilizolowa alizitia mkobani. Kisha akamshika mkono, wakarudi ukumbini mwendo wa Shirinbai, mwendo wa hatua ndogo ndogo, wakapita katikati ya viti vyote hadi kwenye kipaza sauti.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza. "Mimi ndiye Rehmat."

Mwenyekiti alitazama orodha yake. "Tulikuita, mama. Nasikitika, zamu yako imepita. Limebaki jina moja tu, na ukumbini tunaondoka saa mbili. Unaweza kututumia maoni yako kwa maandishi."

"Nilikuwa chooni na mama yangu."

"Naelewa, lakini..."

"Mmetuita tuje kueleza kazi yetu," Rehmat alisema. "Mliponiita nilikuwa kazini."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi mara moja, akaacha. Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa. Rehmat hakuondoka pale. Alimsogeza mama yake karibu zaidi, akakishika kile chuma cha kipaza sauti kama mtu anayeshika nguzo ndani ya basi.

Kwamboka alisimama kwenye kiti chake. "Hilo jina moja lililobaki ni langu," alisema kwa sauti ya kufika mbele bila spika. "Dakika zangu nampa huyu." Kisha kwa Kiswahili: "Dadangu, usitoke hapo. Ongea mpaka wakusikize."

Mbunge mmoja mzee aliinama akamnong'oneza mwenyekiti. Mwenyekiti akaichukua saa yake. "Dakika tatu," alisema.

Rehmat alitia mkono mkobani kutafuta karatasi yake, akagusa nguo za maji. Karatasi ilikuwa chini yake, imeshakuwa uji. Akautoa mkono.

"Nilikuwa nimeandika vizuri," alisema, "lakini karatasi imelowa. Nitasema tu.

"Huyu ni mama yangu. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha, ninayemtafuta akipotea. Serikali ina punguzo la kodi kwa anayemtunza mzazi mgonjwa. Linakwenda kwa ndugu yangu, kwa sababu yeye ana kipato. Hakuiba. Mlimpa ninyi, kwa sheria. Mimi niliyeacha kipato changu ili nimtunze, sheria hiyo hainioni. Nikapiga simu kwenye bima ya ajira, nikaulizwa kama mama yangu yuko hatarini kufa. Hafi, na sitaki afe ndipo nilipwe.

"Sikuja kuomba huruma. Naomba mambo mawili. Hilo punguzo, sisi tusio na mshahara mtupe kama pesa mkononi. Na miaka hii tunayokaa nyumbani na wagonjwa, ihesabiwe kwenye pensheni zetu. Kuna jimbo moja la mashariki, katika nchi hii hii, linalowapa posho ya kila mwezi baadhi ya watu kama sisi. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana."

"Unamgombeza nani?" Shirinbai aliuliza, na spika zikalichukua swali lake, zikalipeleka ukumbi mzima.

"Simgombezi mtu, Mama. Naongea nao tu." Akarudi kwenye Kiingereza. "Mama yangu anaye Rehmat. Mimi sina mtoto. Nitakapozeeka sitakuwa na Rehmat. Nitakuwa na pensheni tu, na ninyi ndio mtakaoamua itakuwa kiasi gani."

Alitazama saa ya mwenyekiti. "Dakika moja imebaki. Hiyo ni ya Kwamboka, ana kijana wake nyumbani."

Akampisha. Kwamboka alikuja mbele mbio mbio, akaitumia dakika yake na nusu nyingine juu yake, na hakuna aliyemkatisha.

Rehmat alipogeuka kurudi kwenye kiti ndipo alipomwona Firoz. Alikuwa amesimama mlangoni, koti linamchuruzika maji, funguo za gari mkononi. Hakujua amesimama pale tangu lini.

Gari lilishika barabara ya Sheppard. Vifutio vya kioo vilikwenda huku na huko. Shirinbai alikaa nyuma peke yake, akitazama taa za maduka.

"Umenianika mbele za watu," Firoz alisema.

"Sikutaja jina lako. Na nilisema hukuiba."

"Ni kama ulinitaja."

"Nilisema yaliyopo, Firoz. Kama yanauma, hata mimi yaliniuma."

Firoz alikaza mikono kwenye usukani. Ndipo Shirinbai alipoinama mbele, akamgusa binti yake begani.

"Rehmat, huyu dereva tumeshamlipa?"

"Mama," Firoz alisema, "ni mimi. Firoz."

"Firoz yuko shule," Shirinbai alimjibu kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mgeni. Kisha akamgeukia Rehmat tena. "Mvua yote hii, maskini. Usimwache aende hivi hivi."

Rehmat angeweza kusema neno la kumpoza ndugu yake. Angeweza kumwambia kwamba kuna siku hata yeye Rehmat huitwa na mama yao kwa jina la shangazi aliyekufa. Hakusema. Alitazama mbele, akaliacha gari liende. Taa ikawa nyekundu, ikawa kijani, na gari la nyuma yao likapiga honi kwa sababu Firoz hakuondoka.

Walipofika Agincourt alishuka, akamfungulia mama yake mlango, akamshika kiwiko hadi kwenye lifti. Shirinbai alimshukuru vizuri sana, akamwombea Mungu amjalie riziki. Mlango wa lifti ulipofungwa, Firoz alikuwa bado amesimama pale chini.

Alipiga simu Ijumaa, baada ya sala.

"Sawa," alisema. "Nitakulipa mshahara. Mkataba nitauandaa mwenyewe, na michango yako itakwenda serikalini kila mwezi."

"Ahsante. Na Jumatatu?"

"Dada, mshahara nimekubali."

"Nimesikia. Mshahara ni wangu. Jumatatu ni ya Mama. Hakujui, Firoz. Unakuja na mchele, unakaa na kompyuta, unaondoka. Atakujuaje?"

Rehmat alisikia sauti ya Sabreen kwa mbali ikisema, "Kubali basi, ofisi haitakufa."

"Kuanzia Juni," Firoz alisema.

Mkataba ulipokuja Rehmat aliusoma kila mstari kwa miwani yake ya kusomea, akaurudisha mara mbili. Mara ya kwanza hapakuwa na likizo. Mara ya pili likizo ilikuwepo, lakini hakuna aliyetajwa kuwa atakaa na mama wakati huo. Mara ya tatu aliweka sahihi. Siku ile ile alipiga simu kwenye kliniki yake ya zamani. Daktari Jafferali, mwenye kliniki, alikuwa amebadilisha wapokezi wanne tangu Rehmat aondoke, na alimwambia Jumatatu ni siku yake wakati wowote akitaka.

Msikitini maneno yalikuwepo, kama Firoz alivyoogopa. Mama mmoja alimsogelea Rehmat upande wa wanawake, akamwambia amesikia siku hizi analipwa kumlea mama yake. Rehmat akamwambia ndiyo, ni kweli, na kama kuna mwingine anayetaka kujua mkataba unaandikwaje, aje nyumbani amwonyeshe. Wiki mbili baadaye walikuja watatu, mmoja wao ni yule yule mama.

Jumatatu ya kwanza ya Juni Rehmat alivaa blauzi aliyoipiga pasi Jumamosi, akamkabidhi Firoz ufunguo, dawa na maelekezo, akaondoka kabla hajabadili mawazo. Saa nne simu yake ililia chini ya meza ya mapokezi.

"Hataki kula," Firoz alisema. Sauti yake ilikuwa juu. "Hataki nimguse. Anasema nimeingia dukani kwake kama mwizi, hata hodi sikupiga."

"Basi toka ukapige hodi."

"Nini?"

"Toka nje, funga mlango, gonga, sema hodi. Ngoja akukaribishe."

"Dada, rudi tu leo. Wiki ijayo nitajaribu tena."

Mgonjwa alikuwa amesimama mbele ya Rehmat, shavu limemvimba. Rehmat akamwashiria akae. Mguu wake mmoja tayari ulikuwa umegeukia mlangoni. Akaurudisha.

"Sirudi," alisema. "Natoka saa kumi na moja. Piga hodi, Firoz."

Akakata simu, akamwuliza yule mgonjwa jino gani, la juu au la chini. Ilichukua muda mrefu kabla ujumbe haujaingia. Firoz aliandika kwamba amekaribishwa, ameuziwa kibiriti na kipande cha sabuni, na sasa wanakunywa chai.

Haikuwa hivyo kila Jumatatu. Kuna siku Firoz alimpigia akilia. Kuna siku Rehmat alimkuta mama yao amevaa shati nje ndani, na ndugu yake amelala kwenye kochi kama aliyebeba magunia. Lakini hakukosa. Kufikia Agosti Shirinbai alikuwa amempa jina, Bwana Hodi, na akichelewa alimwulizia.

Ripoti ya kamati ilitoka majani yalipoanza kuanguka. Ombi la pensheni halikuwemo kabisa. Lile la kuwalipa wasio na kipato kwa pesa taslimu lilikuwemo, miongoni mwa mapendekezo mengi, kwa maneno mapole: serikali ifikirie. Kwamboka alilisoma kwenye simu yake jikoni kwa Rehmat, mwanawe amekaa mezani na Shirinbai wakipanga vifungo vya nguo kwa rangi.

"Ifikirie," Kwamboka alisema. "Mimi nikifikiria kumpikia kijana yangu, atashiba?"

"Vaa koti," Rehmat alisema. "Bwana Hodi yuko njiani. Atakaa nao."

Walikwenda wawili kwenye ofisi ya mbunge wao kwa miguu, hewa ikiwa baridi na safi. Kijana wa mapokezi aliwaambia mheshimiwa yuko bungeni Ottawa, harudi hadi Ijumaa, na Ijumaa ana shughuli nyingi. Rehmat alimwangalia kwa huruma kidogo, maana kazi ile aliijua, pamoja na majibu yake yote.

"Nasi tuna shughuli nyingi," alimwambia. "Tuandike Ijumaa asubuhi. Majina mawili." Akamtamkia lake herufi kwa herufi, akangoja amalize, kisha akamtamkia la Kwamboka.